Hesabu Kabla ya Bahari: Maandalizi ya Kuvuka Bahari Kuu Peke Yako kwa Nguvu za Mwili

Kuvuka bahari kuu katika chombo kisicho na injini wala tanga, kinachosogezwa na mikono au miguu ya mtu mmoja aliyemo, huchukuliwa na wengi kuwa jambo la ushupavu na misuli. Historia ya safari hizo, zilizofaulu na zilizoishia msibani, inaonyesha kwamba misuli ni kipengele kimoja tu, tena si kikubwa kuliko vyote, na kwamba sehemu kubwa ya safari huamuliwa nchi kavu, miezi au miaka kabla ya kasia la kwanza kugusa maji, kwa kupima nguvu za mwili, uzito wa chakula, kiasi cha maji ya kunywa, umbo la chombo na majira ya upepo. Maandalizi hayo, kwa maana hiyo, ni somo la fizikia, biolojia na elimu ya bahari lililokusanywa katika uamuzi mmoja unaogusa uhai wa mtu.

Somo hilo linaweza kusomwa hata mahali palipo mbali kabisa na pwani, kama Mulungwishi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kituo cha misheni ya Wamethodisti na makao ya Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Katanga, kando ya barabara itokayo Likasi kuelekea Kolwezi. Kutoka hapo, Atlantiki upande wa magharibi na Bahari ya Hindi upande wa mashariki ziko zaidi ya kilomita 1,300 kila moja. Hata hivyo, maji ya mito ya eneo hilo huishia katika Lualaba, yakawa Mto Kongo na kumwagika Atlantiki, ilhali kusini, kwenye mgongo wa nchi ulio karibu na mpaka wa Zambia, mvua iangukayo upande wa pili hufuata Zambezi hadi Bahari ya Hindi. Zaidi ya hayo, shaba na kobalti zinazochimbwa kati ya Likasi na Kolwezi zina kazi katika safari hizo, kama itakavyoelezwa.

Nguvu ndogo dhidi ya ukinzani wa maji

Mtu mzima aliyefanya mazoezi anaweza kutoa nguvu ya wati 100 hivi kwa saa nyingi mfululizo bila kujidhuru, kiasi ambacho kingetosha kuwasha taa chache za nyumbani. Nguvu hiyo hukutana na ukinzani wa maji, yaani jinsi maji yanavyokishika na kukirudisha nyuma chombo kinachopita ndani yake, na ukinzani huo huongezeka upesi kuliko mwendo wenyewe. Kwa makadirio ya kawaida, nguvu inayohitajika hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo, hivyo kwamba anayetaka kwenda mara mbili ya mwendo wake wa awali hulazimika kutoa nguvu mara nane, jambo ambalo mwili hauwezi kulifanya kwa zaidi ya dakika chache.

Kutokana na kanuni hiyo, msafiri hapati faida kubwa kwa kujikaza, bali kwa kuondoa kila kinachopoteza nguvu. Baadhi ya wabunifu wameyaacha makasia na kuchagua pedali zinazozungusha rafadha, yaani panga la kusukuma maji, kwa sababu misuli ya miguu ni mikubwa kuliko ya mikono, na rafadha iliyochongwa vizuri hupoteza nguvu kidogo kuliko kasia linaloinuliwa na kurudishwa kila mara. Chombo cha pedali kiitwacho Moksha kilimvusha Jason Lewis wa Uingereza bahari kadhaa, na mwaka 2007, akiwa na mwenzake, kikamfikisha Djibouti kutoka Mumbai, muda mfupi kabla hajakamilisha mzunguko wa dunia uliomchukua miaka 13. Makasia, kwa upande wake, yana sifa ya kutengenezeka kwa urahisi katikati ya bahari, na ndiyo maana wengi bado huyapendelea.

Chakula na maji ya kunywa

Misuli hugeuza kuwa kazi takriban robo tu ya nishati ya chakula, na iliyobaki hutoka kama joto. Anayevuta makasia saa 10 kwa siku huhitaji kalori 5,000 au zaidi kila siku, karibu mara mbili ya mahitaji ya mtu wa kazi za kawaida, na kwa safari ya siku 120 jumla hufika kalori 600,000. Kama nishati hiyo ingetoka katika unga wa mahindi pekee, ule unaopikiwa bukari katika nyumba za Katanga, msafiri angebeba kilo 167 hivi, pamoja na mafuta ya jiko la kuupikia. Katika karanga uzito hushuka hadi kilo 105 hivi, na katika mafuta ya mawese hadi chini ya kilo 70, kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kalori 9 ilhali gramu ya wanga au ya protini ina 4. Hakuna mwili unaoweza kuishi kwa mafuta peke yake, lakini hesabu hiyo inaeleza kwa nini karanga, mafuta na vyakula vilivyokaushwa hupewa nafasi ya kwanza katika shehena.

Maji ni tatizo zito zaidi. Lita 6 kwa siku kwa siku 120 ni kilo 720, mzigo ambao chombo cha mita 7 hakiwezi kuubeba na bado kikasogea. Maji ya bahari yenyewe hayanyweki, kwa sababu kila lita ina gramu 35 hivi za chumvi, na figo za binadamu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho, hivyo anayeyanywa hupoteza maji mengi kuliko aliyoyapata. Suluhisho ni mtambo mdogo wa kuondoa chumvi unaofanya kazi kwa kugeuza mwelekeo wa osmosi. Osmosi ni tabia ya maji kupenya utando mwembamba kutoka upande usio na chumvi kwenda upande wenye chumvi. Pampu ikisukuma maji ya bahari kwa shinikizo la takriban mara 55 ya lile la hewa, njia hiyo hugeuka, maji matamu hupenya utando na chumvi hubaki nyuma. Mtambo wa umeme wa wati 50 hivi hutoa lita 5 au 6 kwa saa, kwa umeme unaotoka kwenye paneli za jua. Kwa kuwa kila mtambo huweza kuharibika, hubebwa pia pampu ya mkono pamoja na maji ya akiba yanayowekwa chini kabisa ya chombo, ambako hufanya kazi ya pili ya kukituliza.

Chombo kinachojigeuza

Bahari kuu huweza kupindua chombo kidogo wakati wowote, na kwa msafiri aliye peke yake hakuna mkono wa pili wa kusaidia kukirudisha. Vyombo vya kisasa vya aina hii hujengwa vikiwa na vyumba viwili vilivyofungwa, kimoja kwenye omo na kingine kwenye tezi. Chombo kikibinuka, hewa iliyomo katika vyumba hivyo huinua sehemu ya juu, na uzito wa maji, chakula na betri uliopangwa chini huvuta upande wa pili, hata chombo kikarudi wima chenyewe. Mpango huo hutegemea sharti moja lisilosamehe, kwamba milango ya vyumba iwe imefungwa, kwani chumba kilichojaa maji hakiinui kitu. Ndiyo maana mafunzo ya nchi kavu hujumuisha kukipindua chombo kwa makusudi katika bandari tulivu, mtu akiwa ndani, mpaka ithibitike kwamba kinarudi.

Majira na mikondo

Kipengele chenye uzito kuliko vyote ni uchaguzi wa majira. Mwaka 1971 Anders Svedlund, mzaliwa wa Uswidi aliyeishi New Zealand, alikuwa wa kwanza kuvuka Bahari ya Hindi peke yake kwa makasia, kutoka Kalbarri, Australia Magharibi, hadi Diego Suarez, Madagaska, kwa siku 64. Mwaka 2009 Sarah Outen wa Uingereza, akiwa na umri wa miaka 24, alitoka Fremantle hadi Morisi kwa siku 124, akawa mwanamke wa kwanza kuivuka peke yake kwa makasia. Mwaka 2010 Erden Eruç, Mmarekani mwenye asili ya Uturuki, alitoka Carnarvon na kufika Mahajanga, Madagaska, kwa siku 136, akavuka tena hadi Msumbiji, akaendelea kwa baiskeli na kupanda Kilimanjaro, katika mzunguko wa dunia alioukamilisha Julai 2012.

Carnarvon na Mahajanga zimetengana kwa kilomita 7,000 hivi kwa mstari ulionyooka, na umbali wa njia ya Svedlund unakaribiana na huo. Eruç, kwa hiyo, alisonga wastani wa kilomita 50 na ushei kwa siku, na Svedlund zaidi ya kilomita 100. Kwa kuwa mwendo maradufu unadai nguvu mara nane, tofauti hiyo haiwezi kuelezwa na mikono peke yake, na huo ni ushahidi wa wazi wa jinsi mazingira ya safari yanavyotawala matokeo. Mkondo unaokwenda kilomita 1 tu kwa saa humsogeza msafiri kilomita 24 kwa siku hata akiwa amelala, na ukimkabili humnyang'anya kiasi hichohicho.

Upande wa Australia, Mkondo wa Leeuwin hutiririka kusini ukipita kando ya pwani na huwa kizuizi cha kwanza, kwani humvuta msafiri mbali na njia yake kabla hajafika maji ya kina. Akishauvuka hupata pepo za kusini-mashariki na Mkondo wa Ikweta wa Kusini, ambao huelekea magharibi hadi Madagaska, na tawi lake la kaskazini hufika Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, ambako hugawanyika tena, sehemu moja ikipanda kuelekea Zanzibar na Mombasa. Kwa upande mwingine, vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hutokea hasa kati ya Novemba na Aprili. Msafiri hulazimika kuuingiza mwendo wake wote katika dirisha lililo nje ya miezi hiyo, kama mabaharia wa majahazi ya Waswahili walivyopanga safari zao kwa kusi na kaskazi karne nyingi kabla ya setilaiti.

Madini ya Katanga chini ya mkuku

Adui mmoja wa msafiri huyu haonekani mpaka ajitose majini. Viumbe vidogo vyenye magamba, ambavyo katika utoto wao huelea na maji, hujibandika chini ya chombo kinachokwenda polepole, hukua na kuning'inia kwa vishina laini, na katika wiki chache hugeuza sehemu hiyo laini kuwa ya kukwaruza, inayokula sehemu kubwa ya zile wati 100. Dawa yake kuu ni rangi yenye oksidi ya shaba, ambayo huachia shaba kidogokidogo majini na kuua viumbe hivyo kabla havijashika. Jeshi la majini la Uingereza lilianza kujaribu bamba za shaba kwenye meli zake katika miaka ya 1760. Shaba ya aina iliyosafishwa katika mitambo ya Shituru mjini Likasi ndiyo hiyohiyo inayopitisha umeme katika nyaya na mota za pampu, na kobalti, ambayo zaidi ya nusu yake duniani huchimbwa Kongo, imo katika betri za simu nyingi, kama ile ya msafiri. Rangi hiyo hudhuru pia viumbe vingine, na msafiri mwenye busara huitumia kwa kiasi, kisha hujifunga kamba na kushuka mwenyewe kukwangua kilichobaki.

Upweke, usingizi na haki ya kurudi

Asiye na mwenzake hana wa kukesha zamu. Analala vipindi vifupi akitegemea kifaa kinachotangaza mahali alipo kwa meli zilizo karibu, na kifaa cha dharura cha megahezi 406 ambacho ishara yake hupokewa na setilaiti za mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat. Vifaa hivyo hupunguza hatari bila kuiondoa. Nenad Belic, daktari wa moyo kutoka Chicago, alipotea mwaka 2001 karibu na Ireland akiwa katika chombo cha pedali, na Peter Bird wa Uingereza, mzoefu aliyekwisha kuivuka Pasifiki, alifia katika bahari hiyohiyo mwaka 1996. Aleksander Doba wa Poland, aliyevuka Atlantiki kwa kayaki mara tatu, ya kwanza kutoka Dakar na ya mwisho akiwa na miaka 70, alifariki Februari 2021 kwenye kilele cha Kilimanjaro. Maandalizi kamili, kwa hiyo, hujumuisha masharti yaliyoandikwa mapema ya kurudi au kuomba msaada, yaliyoamuliwa na akili iliyopumzika kabla ya uchovu kuanza kuamua.

Thamani ya elimu hii haiishii kwa wachache wanaotafuta rekodi. Kanuni za uzito uliowekwa chini, vyumba vilivyofungwa, majira yaliyosomwa na safari iliyoahirishwa ni zilezile zinazowahusu maelfu wanaovuka Tanganyika, Kivu na Lualaba kila juma kwa sababu ya soko, shule na matibabu, na ambazo zikipuuzwa huleta misiba kama ule wa Oktoba 2024, boti iliyojaa kupita kiasi kutoka Minova ilipozama karibu na Goma. Ikiwa mtu mmoja anayekwenda baharini kwa hiari yake hupimiwa kila kilo na kila lita kabla ya kuondoka, abiria anayepanda boti kwa kukosa njia nyingine anastahili kupimiwa kwa uangalifu uleule, na shule za Katanga zina hesabu zote zinazohitajika kwa kazi hiyo.