Tibakemikali na Tiba Shufaa kwa Mgonjwa wa Mesothelioma: Mtazamo kutoka Dadamu, Nile Magharibi

Kwa mgonjwa anayeishi Dadamu, jirani na mji wa Arua, kutumwa Taasisi ya Saratani ya Uganda ni kutumwa Mulago, Kampala, karibu kilomita 500. Kwa hiyo kabla ya kuulizwa dawa gani itumike, yafaa iulizwe dawa hiyo inakusudiwa kufanya nini.

Nile Magharibi si ngeni katika historia ya tibakemikali. Mwaka 1961 Ted Williams, daktari wa Hospitali ya Kuluva karibu na Arua, alifuatana na Denis Burkitt na Cliff Nelson katika safari ndefu ya kuchunguza mipaka ya uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Afrika. Baadaye uvimbe huo ulidhihirika kuwa miongoni mwa saratani chache zinazoweza kuponywa kwa dawa pekee. Matumaini yaliyozaliwa hapo ni halali. Kosa ni kuyahamishia kwenye kila saratani.

Mesothelioma ni saratani ya utando, hasa ule unaozunguka mapafu. Uhusiano wake na asbestosi ulionyeshwa na Wagner na wenzake mwaka 1960 kwa wagonjwa wa Afrika Kusini. Vumbi livutwalo leo, pengine wakati wa kukata au kubomoa mabati ya asbestosi, huweza kukaa miaka 20 hadi 40 au zaidi kabla ya ugonjwa kujitokeza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, nusu ya waliopewa pemetrexed pamoja na cisplatin waliishi zaidi ya miezi 12.1, ikilinganishwa na 9.3 kwa waliopewa cisplatin pekee. Faida hiyo ni ya kweli, lakini si uponyaji. Hapa tibakemikali yenyewe ni sehemu ya tiba shufaa: hurefusha muda na huweza kupunguza maumivu na kukosa pumzi. Nayo hutolewa kila baada ya siku 21. Mwenye nguvu aweza kunufaika. Aliyedhoofika aweza kuyamalizia barabarani majuma aliyoongezewa.

Upande wa maumivu, Uganda ina jambo la kujivunia. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akitumia mofini ya maji, yaani unga wa mofini uliochanganywa na maji. Mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Mgonjwa hunywa kila saa nne, na dozi ya usiku huongezwa maradufu ili alale, pamoja na dawa ya kulainisha choo, ambayo husahaulika mno. Mofini hutuliza pia hali ya kukosa pumzi. Maji yanayojaa kifuani hutolewa kwa sindano au mrija.

Jamaa wengi huisikia mofini kama tangazo la kifo. Dhana hiyo huimarishwa na desturi ya kuileta baada ya tibakemikali kushindwa, ilhali ingeanza siku ileile ugonjwa unapothibitishwa. Kwa sababu hiyo, mazungumzo yanayotangulia barua ya rufaa ni sehemu ya matibabu. Yafanyike kwa Kilugbara, au kwa Kikakwa kule Koboko, na yaguse mambo madogo: mgonjwa anataka nini, nauli itatoka wapi, nani atafuatana naye, na nani nyumbani atakayepima dozi ya usiku.