Mgonjwa wa akili akikataa dawa, muuguzi hufanya nini?

Kila tunapozungumzia afya ya akili hewani, swali moja halikosi: mgonjwa wetu hataki dawa, tumfanyeje? Wengine hutueleza na walichokwisha kufanya. Wamesaga vidonge wakavitia kwenye uji. Katika makala haya tunaeleza jinsi muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili anavyolishughulikia jambo hilo, na kwa nini maswali yake, ambayo ndugu wengi huyaona ni kupoteza muda, ndiyo yanayoamua mgonjwa atibiwe vipi.

Tuanze na huo uji, maana kwa wengi ni jambo la huruma. Mgonjwa mwenye skizofrenia mara nyingi anaamini kabisa kwamba kuna watu wanataka kumdhuru. Siku akionja uchungu kwenye kikombe, au akimwona dada yake anasaga kitu kidogo kidogo jikoni, hofu yake imepata ushahidi. Kuanzia hapo hatakataa dawa tu. Atakataa na chakula cha nyumbani, na itachukua muda mrefu kumrudisha. Isitoshe, akiacha nusu kikombe hakuna anayejua amepata dozi kiasi gani, na mtoto akimalizia uji ule amekunywa dawa isiyo yake.

Sasa tuchukue mfano wa wodini. Mama wa makamo amelazwa, siku ya tatu anakataa vidonge. Anasema ni sumu. Njia rahisi ni kubishana naye: "Siyo sumu, mbona wenzako wanameza?" Njia nyingine, rahisi vilevile, ni kumtisha kwa sindano. Muuguzi aliyefundwa vizuri kazi yake havuti upande wowote kati ya hizo. Anasogeza kiti, anakaa usawa wake, si kumsimamia kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naona tangu jana vidonge umevikataa. Sikuja kukulazimisha. Nataka nielewe, ukivimeza unajisikiaje?"

Mama ananyamaza. Muuguzi naye ananyamaza, hajazii pengo kwa maneno. Baadaye mama anasema: "Vinanifunga taya. Shingo inavutwa upande. Wanataka nisiweze kusema."

Hapo kuna mambo mawili katika sentensi moja. "Wanataka nisiweze kusema" ni ugonjwa. Lakini taya kufunga na shingo kuvutwa ni kweli tupu. Haloperidol, dawa inayotumika sana kwa wagonjwa wa aina hii, inaweza kukaza misuli ya taya, shingo na hata macho, hasa siku za mwanzo. Inatisha sana, na inatibika haraka. Muuguzi anamwita daktari, dozi inapunguzwa au dawa inabadilishwa, na kwa kawaida huongezwa dawa ya kulegeza huo mkazo, kama benzhexol. Mama yule yule aliyeitwa mkorofi anaweza kumeza vidonge bila shari, kwa sababu alichokilalamikia kimeshughulikiwa. Angechomwa sindano kwa nguvu ya dawa ile ile, taya lingefunga zaidi.

Wauguzi huyaita mazungumzo ya namna hii mawasiliano ya kitiba. Mmarekani Hildegard Peplau, aliyekuwa muuguzi, aliandika kitabu mwaka 1952 akieleza kuwa uhusiano wa muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya matibabu yenyewe. Wauguzi wanafundishwa hivyo mpaka leo. Kufundishwa ni jambo moja, na zamu ya usiku yenye muuguzi mmoja na wodi iliyojaa ni jambo jingine. Tunalisema hili kwa sababu si kila anayejibu kwa mkato hana moyo. Hata hivyo dakika tano za kuuliza vizuri ni chache kuliko muda wa watu wanne kumshika mtu mmoja.

Vipi kuhusu sauti? Mgonjwa anasema anasikia watu wanamsema. Ukimwambia "hakuna sauti", umemwita mwongo, kwa sababu yeye anazisikia kwelikweli. Ukimwambia "hata mimi nazisikia", umemdanganya. Muuguzi husema lililo kweli kwa wote wawili: "Mimi sizisikii, ila naona zinakutesa. Zinakuambia nini?" Swali hilo la mwisho lina uzito. Sauti inayomtukana ni jambo moja. Sauti inayomwamuru ajinyonge au ampige mwanawe hubadilisha mpango mzima usiku huo huo: anahamishiwa kitanda kilicho karibu na wauguzi, kamba na vitu vya ncha vinaondolewa, na ruhusa ya kurudi nyumbani inasubiri.

Ndiyo maana pia muuguzi huuliza wazi: "Umefikiria kujiua?" Ndugu wengine hushtuka, wakidhani anampa wazo. Sivyo. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo wa kulibeba peke yake. Na mgonjwa akisema, "Nitakuambia, lakini usimwambie mtu," muuguzi mwaminifu hakubali ahadi hiyo. Humweleza kwamba jambo la kuhatarisha maisha atalazimika kuwaambia wenzake wanaomtibu, na mengine atayatunza. Hapo ndipo ndugu huombwa kusubiri nje. Wapo wagonjwa wasioweza kusema mbele ya mume, baba au mama mkwe.

Kuna wakati maneno hayatoshi. Mtu amejaa ghadhabu, ameshika panga, hana usingizi siku nne. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayomtenganisha mgonjwa anayelazwa kwa hiari yake na yule anayelazwa bila hiari. Kumtibu mtu kwa nguvu ni hatua ya mwisho, ya muda mfupi, na hata wakati huo anaambiwa anachofanyiwa na kwa nini. Akitulia, muuguzi hurudi kuzungumza naye kuhusu yaliyotokea. Kwa maoni yetu hatua hii ya kurudi ndiyo inayosahaulika zaidi, na inaamua kama mtu huyo atakuja kliniki kwa hiari yake safari ijayo.

Nyumbani sehemu kubwa ya haya mnaweza kuyafanya. Mgonjwa akikataa dawa, muulize inamfanya nini mwilini: anakaza, anatetemeka, hatulii mahali pamoja, analala mchana kutwa, nguvu za kiume zimepungua? Hilo la mwisho vijana hulificha, wakaacha dawa kimyakimya. Muulize akiwa ametulia, si katikati ya ugomvi, na aulize mmoja anayemwamini, siyo ukoo mzima umemzunguka. Kisha mpelekeni hospitali na vidonge vilivyobaki, visihesabiwe kwa kukisia. Anayechoshwa na kumeza kila siku anaweza kuuliza kuhusu sindano inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa. Wengine huipenda, wengine hawaitaki. Ni yeye wa kusema, na wakati mzuri wa kumuuliza ni pale akili imetulia.

Na kama mtu aliyekuwa mzima jana ameanza leo kuweweseka, ana homa au amepoteza fahamu kidogo, msianze kumbembeleza wala kutafuta dawa za akili. Inaweza kuwa malaria kali, sukari imeshuka au maambukizi ya ubongo. Huyo anakwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.