Wanawake Weusi katika Picha za Senema

Wasomaji wetu, yapo mambo ambayo watoto hujifunza bila ya kufundishwa, na mojawapo ni kujua nani wa kuheshimiwa na nani wa kudharauliwa. Picha za senema ni mwalimu wa namna hiyo. Kwa hiyo yafaa tutazame jinsi picha za Marekani zilivyomwonyesha mwanamke mweusi.

Usiku wa tarehe 29 Februari 1940, mjini Los Angeles, Bibi Hattie McDaniel alipewa zawadi ya Oscar kwa kucheza sehemu ya yaya katika picha ya Gone with the Wind. Hakuna mtu mweusi aliyeipata kabla yake. Lakini usiku huo huo aliketishwa meza ya kando, mbali na Wazungu aliocheza nao. Na picha hiyo ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Atlanta, Desemba 1939, yeye hakuwako, kwa ajili ya ubaguzi wa rangi.

Wako waliomlaumu kwa kucheza utumishi daima. Nasi twauliza: alikuwa na sehemu gani nyingine ya kuchagua? Wenye makampuni ndio waliozigawa.

Bibi Lena Horne, aliyeingia kampuni ya MGM mwaka 1942, hakukubali kucheza watumishi. Basi mara nyingi aliwekwa peke yake akiimba, ili majumba ya senema ya kusini yapate kuikata sehemu yake bila ya hadithi kuharibika. Naye Bibi Dorothy Dandridge alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupendekezwa kwa Oscar ya mchezaji mkuu, kwa picha ya Carmen Jones ya mwaka 1954. Hakuipata, na alifariki mwaka 1965, umri wake miaka 42.

Zawadi hiyo ya mchezaji mkuu haikufika mkononi mwa mwanamke mweusi hata mwaka 2002, alipoipata Bibi Halle Berry. Mwaka 2012 Bibi Octavia Spencer alipewa Oscar ya mchezaji msaidizi kwa kucheza mtumishi wa nyumbani, miaka 72 baada ya McDaniel. Na mwaka 2014 Bibi Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, akaipata kwa kucheza mtumwa.

Hatusemi kwamba habari za watumishi na watumwa zisisimuliwe. Kazi ya jikoni si aibu, na mateso ya utumwa hayafai kusahauliwa. Lisilo haki ni mlango huo kuwa mpana, na milango mingine kuwa myembamba.

Basi wazazi, mtazamapo picha pamoja na binti zenu, waulizeni: mwanamke huyu mweusi ana jina? Ana nyumba yake na watu wake? Ana shauri lake mwenyewe, au yuko kwa ajili ya shida za wengine tu? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo hatakubali upesi kwamba nafasi yake duniani imekwisha kupangwa.