Nguvu za Mtoto Aliyeshindikana

Katika shule nyingi hakosekani mwanafunzi ambaye jina lake limejaa katika daftari la makosa. Utoro, ugomvi, ujeuri: yote yameandikwa, pamoja na tarehe na adhabu zilizotolewa. Lakini mwalimu mgeni akilisoma daftari hilo lote hataona popote palipoandikwa kijana huyo anaweza kufanya nini. Upungufu huu si wa shule peke yake. Kwa miaka mingi hata saikolojia ilimchunguza zaidi mtoto aliyekwisha kuharibikiwa, ikarudi nyuma kutafuta chanzo cha madhara.

Njia hiyo ina kasoro ambayo mwanafunzi yeyote wa sayansi ataitambua. Ukienda gerezani ukawauliza wafungwa habari za utoto wao, utawakuta wengi waliolelewa katika dhiki, nawe utasema kwamba dhiki huzaa wahalifu. Hukukutana, hata hivyo, na wale waliolelewa katika dhiki ile ile, ambao sasa ni wakulima, wauguzi na walimu. Hao hawapo gerezani. Ili kuwapata, yafaa kuanza na watoto wote tangu kuzaliwa kwao, kisha kungoja.

Kazi hiyo ya kungoja ilianza mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, mojawapo ya visiwa vya Hawaii katika bahari ya Pasifiki. Wakazi wake wengi walikuwa wazao wa vibarua waliotoka Asia na Ulaya kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mananasi. Mwanasaikolojia Emmy Werner, pamoja na mwenzake Ruth Smith, walifuatilia maisha ya watoto 698 waliozaliwa kisiwani mwaka huo, hata walipofika umri wa miaka 40.

Karibu theluthi moja ya watoto hao walizaliwa katika hali ya hatari: ufukara, matatizo wakati wa uzazi, ugomvi wa wazazi, ulevi au maradhi ya akili nyumbani. Wale waliokumbwa na mambo manne au zaidi ya namna hiyo kabla ya kutimiza miaka miwili walitazamwa kwa makini zaidi. Theluthi mbili yao walipata matatizo ya masomo au tabia, au walikuwa na kesi, ugonjwa wa akili au mimba kabla ya miaka 18. Waliobaki, vijana 72, walikua watu wazima wenye uwezo, wanaojiamini na kuwajali wenzao.

Hao 72 walikuwa na nini? Si kipaji cha ajabu. Karibu kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemkubali bila masharti: bibi, shangazi, jirani, na mara nyingi mwalimu. Wengi walikuwa na jambo walilolipenda na kuliweza, wakalikimbilia mambo yalipoharibika nyumbani. Kadhalika wengi walipewa wajibu wa kweli, kama kuwalea wadogo zao, yaani kulikuwa na watu ambao wangepata taabu wao wasipotimiza kazi yao. (Msomaji wa kwetu huenda akatabasamu hapa, jambo hili bibi zetu hawakungoja kuambiwa na watafiti.)

Tuchukue kijana wa kidato cha pili anayetoroka shule ili akashinde kwa fundi baiskeli. Daftari litasema "mtoro". Lakini kijana huyo huamka mapema, huvumilia kazi ngumu, na hutafuta chanzo cha hitilafu hatua kwa hatua, ambayo ndiyo mantiki ya maabara. Mwalimu akimkabidhi utunzaji wa vifaa vya fizikia, kisha akamdai hesabu ya kila kifaa, amempa wajibu na mtu mzima wa kumtegemea kwa pamoja. Utoro bado ni kosa na utakemewa. Ila sasa anayekemewa ana kitu cha kupoteza.

Mbinu hii isigeuzwe kuwa sifa za bure. Kijana hutambua upesi sifa asiyostahili, na mtoto anayepigwa nyumbani anahitaji kulindwa kwanza kabla ya kusifiwa. Wala tusiwatoe katika hesabu wale theluthi mbili. Walipotazamwa tena wakiwa na miaka 32 na 40, wengi wao walikuwa wamejirekebisha, baadhi kwa masomo ya watu wazima, wengine kwa ndoa iliyotulia, jeshi au jumuiya ya kidini. Nao wale 72 hawakupita bila gharama: baadhi walilalamikia maradhi yatokanayo na mkazo wa akili, na wengine walikuwa wamejitenga kidogo na wazazi wao, kwa kuhofia kurudishwa katika taabu walizozikimbia.