Rozari katika Rundo la Pembe

Mokambo ni mji mdogo wa mpakani, kusini-mashariki mwa Lubumbashi, unaotazamana na Mufulira ya Zambia. Baada ya 1964 maelfu ya waumini wa Kanisa la Lumpa walikimbilia huko, kanisa lao likiwa limepigwa marufuku kwao wakati wa mapigano yaliyoua mamia ya watu. Kiongozi wao, Alice Lenshina Mulenga, alikuwa mwanamke wa Kibemba wa kijiji cha Kasomo, wilaya ya Chinsali. Mwaka 1953 alitangaza kwamba alikufa, akakutana na Yesu, akarudishwa duniani akiwa na ujumbe. Alibatizwa katika misheni ya Wapresbiteri ya Lubwa, na miaka miwili baadaye akaachana nayo. Aliyemwendea alitakiwa kwanza kusalimisha hirizi na dawa zake zote, na marundo ya pembe za dawa na vifurushi yakajaa Kasomo. Pamoja na pembe hizo, Wakatoliki waliojiunga naye waliacha pia rozari, medali na misalaba yao.

Ugomvi juu ya rozari na sanamu kwa kawaida huendeshwa kwa mistari ya Biblia: huyu anasoma Kutoka 20, yule anajibu kwa Kutoka 25, ambako Mungu mwenyewe anaagiza makerubi ya dhahabu yawekwe juu ya sanduku la agano. Tendo la Kasomo linatufikisha mbali zaidi. Wanakijiji wale hawakuongozwa na vitabu vya Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti; walijua wenyewe walivyokuwa wakivitumia vitu vyao. Mtu aliyevaa rozari ili mchawi asimsogelee usiku alikuwa ameshaihesabu kuwa hirizi kabla Lenshina hajafungua kinywa. Lakini tuhuma nayo haichagui. Katika nchi hiyohiyo ya Wabemba, miaka ya 1930, wasaka wachawi walioitwa Wamuchapi walipita vijijini wakikusanya vifaa vya uchawi. Mtafiti Audrey Richards alichunguza pembe 135 zilizosalimishwa, akakuta 11 tu ambazo bila shaka zilikuwa za kudhuru watu. Kwa hiyo kitu kuwemo katika rundo si ushahidi wa kukitia hatiani. Lazima tuulize kilikuwa kinafanya kazi gani mkononi mwa mwenyewe.

Biblia ina kesi moja inayolijibu swali hili vizuri kuliko zote. Katika Hesabu 21, Musa anaagizwa na Mungu kutengeneza nyoka wa shaba, na walioumwa wanamtazama wakapona. Karne nyingi baadaye, katika 2 Wafalme 18, mfalme Hezekia anamvunjavunja nyoka yuleyule kwa sababu Waisraeli wamekuwa wakimfukizia uvumba, naye anasifiwa kwa kufanya hivyo. Shaba haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali watu walipoweka tumaini lao. Na kuvunjwa huko hakukuifanya ishara yenyewe kuwa chukizo, maana katika Yohana 3 Yesu anamtumia nyoka huyo kueleza kuinuliwa kwake msalabani. Mtu anayesema ishara zote ni sanamu hana la kusema juu ya Musa. Anayesema kitu kilichobarikiwa hakiwezi kamwe kugeuka sanamu hana la kusema juu ya Hezekia.

Wapo watakaojibu kwamba Mtaguso wa Nikea wa 787 uliitenga heshima inayotolewa kwa picha na ibada inayomstahili Mungu peke yake, lakini kwamba mama mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kushika tofauti ya wanateolojia. Hoja hii ni nzito, na makanisa yenye sanamu hayajaijibu kwa uaminifu wa kutosha. Hata hivyo nadhani inawadharau waumini wa kawaida. Isidore Bakanja alikuwa kibarua wa Kikongo, aliyebatizwa 1906. Msimamizi mzungu wa shamba alimwamuru avue skapulari ya Bikira Maria, kitambaa cha ibada kinachovaliwa shingoni. Alipokataa akachapwa hadi mgongo ukawa kidonda, akafa 15 Agosti 1909 akiwa amemsamehe aliyemchapa. Mwaka 1994 Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenyeheri. Skapulari haikumkinga na kiboko hata kidogo, naye hakuiacha. Hirizi iliyoshindwa kazi hutupwa, au hurudishwa kwa mganga. Bakanja aliing'ang'ania ile yake kwa sababu hakuwa ameivaa impe ulinzi, bali iseme yeye ni wa nani. Tofauti ya Nikea aliishika kwa mwili wake, bila kuhitaji kuisoma popote.

Basi kwa nini tusiviondoe vitu hivi vyote, tuwe salama? Mwanamageuzi Zwingli na wenzake walifanya hivyo Zürich mwaka 1524, na makanisa mengi ya uamsho ya Lubumbashi leo hayana sanamu hata moja. Ila kuta tupu hazijaondoa kishawishi. Lenshina alipokwisha kuzitupa pembe, ubatizo ambao yeye peke yake aliutoa ukawa ndio kinga iliyotegemewa dhidi ya uchawi. Na katika miji yetu, palipoondolewa sanamu pameingia chupa za mafuta ya upako, maji yaliyoombewa, leso iliyomgusa nabii. Mafuta si kosa. Yakobo anawaagiza wazee wawapake wagonjwa, na Matendo 19 inataja leso za Paulo. Lakini kipimo kinachotumiwa kwa rozari lazima kitumiwe kwa chupa pia. Anayenunua mafuta ayapake mlangoni ili biashara ya jirani isiimeze yake, amefanya lilelile analomlaumu Mkatoliki kulifanya.

Kwa maoni yangu, kusali mbele ya msalaba au kwa kuhesabu punje za rozari si ibada ya sanamu. Inakuwa hivyo mtu anapokitazamia kitu chenyewe kifanye kazi, Mungu awe anasikiliza au la. Tuhuma hiyo haihusu kanisa moja tu, na dawa yake ni mafundisho. Padri anayebariki rozari amweleze anayeipokea kwamba ni ya kusalia, na kwamba ikipotea hajapoteza ulinzi wowote. Mchungaji asiuze mafuta hata tone moja. Na panapoonekana watu wamekwisha kukifukizia uvumba kitu kilichokuwa kitakatifu, viongozi wawe na ujasiri wa Hezekia: wakiondoe wenyewe, hadharani, na wawaeleze watu sababu.