Mtoto Mwenye Usonji: Simu Inasaidia, Lakini Mwalimu ni Wewe



Je, katika kijiji chako yuko mtoto asiyeitika anapoitwa jina lake, ingawa masikio yake ni mazima? Je, yuko mtoto ambaye hamtazami mtu usoni? Yeye hucheza peke yake. Hupanga vijiwe kwenye mstari tangu asubuhi hadi jioni. Ukisogeza kijiwe kimoja tu, analia sana.

Watu husema kwamba mtoto huyo ana kiburi. Wengine husema amelogwa. Wengine humlaumu mama yake kwamba hakumlea vizuri. Maneno hayo yote hayamsaidii mtoto.

Huenda mtoto huyo ana usonji. Leo katika safu yetu ya afya tutazungumza juu ya usonji. Tutaeleza pia jinsi simu inavyoweza kukusaidia kumfundisha mtoto kuishi vizuri na wenzake.

USONJI NI NINI?

Usonji ni hali ya ubongo. Hali hii huanza mapema sana, wakati ubongo wa mtoto unakua. Ubongo wake hukua kwa namna iliyo tofauti na ya watoto wengine.

Mtoto mwenye usonji hatambui kwa urahisi maana ya tabasamu. Hatambui maana ya uso uliokunjwa au kidole kinachoonyesha kitu. Wengine husema maneno machache. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema sana, lakini juu ya jambo moja tu. Kelele za gulio au za mashine ya kusaga zinaweza kumtia hofu kubwa.

Usonji si ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wa namna hii huko Marekani mwaka 1943. Lakini mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter aliandika juu ya watoto wenye usonji aliowakuta katika nchi za Afrika, pamoja na jirani zetu Kenya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji. Tukifuata hesabu hiyo, kijiji chenye watu 2,500 kinaweza kuwa na watu kama 20 wenye hali hii.

Kumbuka mambo haya: Usonji hauletwi na uchawi wala laana. Hauletwi na malezi mabaya. Hauletwi na chanjo. Hauambukizi.

HATARI IKO WAPI?

Mtoto asiyeweza kusema hawezi kukuambia kwamba kichwa kinamuuma. Hawezi kusema ana kiu. Mtu akimdhuru, hawezi kukueleza. Milima yetu ya Upare ina makorongo mengi. Mtoto huyu akitoka nyumbani na kupotea, mtamwita na hataitika.

Kwa sababu ya hofu hiyo wazazi wengine humfungia ndani. Wengine humfunga kamba. Kufanya hivyo ni kumwumiza, na hajifunzi kitu. Mtoto hujifunza kuishi na watu kwa kuwa pamoja na watu.

MAMA MWENYE TANGAWIZI

Chukua mfano huu. Mama mmoja analima tangawizi kule Mamba, wilayani Same. Mtoto wake ana miaka 6 na hasemi. Siku ya gulio anakutana na mfanyabiashara. Mfanyabiashara anamwonyesha kishikwambi. Kishikwambi ni ile mashine bapa waliyoitumia makarani wa sensa mwaka 2022.

"Mama, humu ndani mna programu ya kutibu usonji," anasema yule mfanyabiashara. "Mpe mtoto tu. Utaona mwenyewe."

Programu ni maelekezo yaliyowekwa ndani ya simu au kishikwambi ili kifanye kazi fulani. Bei ya kishikwambi hicho ni sawa na tangawizi yote ya msimu huu. Fedha hizo ndizo za chakula na sare za shule.

Je, mama huyu anunue?

Jibu ni hapana. Hakuna programu inayotibu usonji. Wala hakuna dawa ya kuuondoa. Mtu anayekuuzia kitu kwa kusema kwamba kitauponya usonji anakudanganya. Lakini usiseme kwamba simu haina faida. Simu ni kama jembe. Jembe zuri ni msaada mkubwa, lakini halilimi lenyewe.

WATAALAMU WAMEONA NINI?

Mwaka 2014 mtaalamu Connie Kasari wa Los Angeles, Marekani, na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Walikuwa na watoto 61 wenye usonji, wa miaka 5 hadi 8. Watoto hao walisema maneno machache sana. Wote walifundishwa kwa njia ya kucheza na mtu mzima. Kundi moja liliongezewa mashine yenye picha. Mtoto akigusa picha, mashine inatamka neno. Kundi hilo liliendelea vizuri zaidi katika kusema na kuwasiliana.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mashine inayotamka maneno haikuwazuia watoto kusema. Wazazi wengi huogopa jambo hilo bure. Pili, mashine haikuachwa peke yake na mtoto. Mtu mzima alikuwapo, akicheza naye.

Hata huku kwetu watoto wa vijijini wamejifunza kwa vishikwambi. Jirani zetu wa mkoa wa Tanga walishiriki katika jaribio kubwa kuanzia mwisho wa mwaka 2017 hadi mwaka 2019. Watoto kama 2,700 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili. Vilichajiwa kwa nguvu za jua. Mwanzoni watoto zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Masomo hayo hayakuwa ya usonji. Yalikuwa ya kusoma, kuandika na hesabu.

Lakini moja ya programu mbili zilizoshinda, iitwayo Kitkit School, ilitengenezwa na kampuni ya Enuma. Sooinn Lee, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, ni mama wa mtoto aliyezaliwa na ulemavu. Alianza kazi hiyo kwa kumtafutia mwanawe njia ya kujifunza. Programu nzuri huanza kwa mzazi anayemtazama mtoto wake kwa makini. Nawe unaweza kumtazama wako.

JINSI YA KUMFUNDISHA

Huhitaji kununua kitu kipya. Kama nyumbani kuna simu janja, yaani simu ya kupangusa kwa kidole, inatosha. Kamera yake itafanya kazi. Fuata hatua hizi:

1. Chagua jambo moja tu. Tuanze na salamu.

2. Piga picha ya video fupi ya watu wa nyumbani kwako. Dada yake anamwendea bibi. Anasema, "Shikamoo bibi." Bibi anajibu, "Marahaba mjukuu wangu." Nusu dakika inatosha.

3. Kaa na mtoto mahali patulivu. Mwonyeshe video hiyo mara mbili au tatu. Sema maneno machache: "Tazama. Dada anamsalimia bibi."

4. Weka simu chini. Nenda na mtoto kwa bibi wakati huo huo. Hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote. Salamu huwa salamu mbele ya mtu, si mbele ya simu.

5. Akijaribu, msifu. Kama hawezi kusema, kunyoosha mkono kunatosha. Kugusa picha ya bibi kunatosha pia. Usimlazimishe kumtazama mtu machoni. Kwa watoto wengi wenye usonji jambo hilo ni gumu na linawaumiza.

6. Rudia kila siku. Akishazoea kwa bibi, mpeleke kwa babu, kisha kwa jirani. Mtoto mwenye usonji anaweza kujua salamu kwa bibi tu, asijue kwamba ni ya watu wote.

Baada ya salamu, mfundishe zamu. Watu wa Upare wanajua vizuri maana ya zamu. Maji ya ndiva hugawanywa kwa zamu: leo shamba lako, kesho shamba langu. Asiyengoja zamu yake huleta ugomvi. Hata watoto wanaocheza mpira hungojana. Piga video ya watoto wawili wakisukumiana mpira na kusema, "Zamu yangu. Zamu yako." Mwonyeshe mtoto, kisha chezeni naye pale pale.

Mfundishe pia kuomba. Piga picha ya kikombe cha maji, ya sahani ya makande, ya choo na ya kitanda. Anapotaka kitu, aguse picha yake. Wewe tamka neno hilo, kisha mpe mara moja. Ziko pia programu zinazotamka neno mtoto anapogusa picha. Moja huitwa Cboard, na kazi zake za msingi hazilipiwi. Mwombe mwalimu au kijana anayejua simu akuonyeshe.

Na asiye na simu janja je? Achore picha kwa mkaa kwenye vipande vya boksi. Mwaka 1985 huko Marekani, Andy Bondy na Lori Frost walianza kuwafundisha watoto wenye usonji kuomba vitu kwa kadi za picha. Wakati huo hapakuwa na simu janja. Kadi hizo zinatumika hata leo.

TAHADHARI

Usimpe mtoto simu ili anyamaze. Akizoea hivyo, atapenda simu kuliko watu, nawe utakuwa umerudi nyuma. Dakika 10 za somo zinatosha, kisha mazoezi na watu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asitazame video kabisa. Mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.

Zima intaneti wakati wa somo ili yasitokee mambo yasiyofaa. Usisambaze picha za mtoto wako kwa watu usiowajua.

WAPI PA KUPATA MSAADA?

Usingoje mtoto akue. Ukiona mtoto wa mwaka 1 haitikii jina lake, au mtoto wa miaka 2 haunganishi maneno mawili, nenda zahanati. Mtoto aliyekuwa akisema akaacha kusema, mpeleke haraka. Omba apimwe masikio kwanza, kwa maana huenda hasikii. Mganga ataweza kukuandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya mjini Same. Kutoka hapo mnaweza kupelekwa KCMC, Moshi, kama kilomita 100 kutoka Same.

Shirika la Afya Duniani limetayarisha mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wanaochelewa kukua au wenye usonji. Yana vikao 9 vya kikundi, na mwalimu humtembelea mzazi nyumbani mara 3. Anayefundisha si lazima awe daktari. Mhudumu wa afya aliyefunzwa anaweza. Muulizeni Bwana Afya na Bibi Maendeleo kama mafunzo ya namna hiyo yanaweza kuletwa katika kata yenu.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma shule. Usikubali kuambiwa kwamba hafai. Nenda ukazungumze na mwalimu mkuu.

KAZI NI YA WOTE

Yule mama wa tangawizi anaweza kuweka fedha zake kwa chakula na sare. Anaweza kuazima simu ya kijana wake mkubwa kwa dakika 10 kila jioni. Lakini hawezi kufanya kazi hii peke yake. Bibi akikataa kuitikia salamu ya mtoto kwa sababu haikutamkwa vizuri, somo limeharibika. Jirani akimcheka, somo limeharibika. Baba akisema hiyo ni kazi ya mama, somo limeharibika.

Mfereji wa ndiva husafishwa kwa msaragambo. Kila nyumba hutoa mtu, naye huja na jembe lake. Mtoto mwenye usonji naye anahitaji msaragambo. Kila mtu alete salamu yake. Leo jioni mtoto huyo akikunyooshea mkono, usipite. Simama, umwitikie: "Marahaba."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Watu wa kijiji chetu husema nini juu ya mtoto asiyeitika anapoitwa? Je, maneno hayo ni ya kweli?

2. Kwa nini mama wa tangawizi asinunue kile kishikwambi?

3. Baada ya kumwonyesha mtoto video ya salamu, ni lazima ufanye nini wakati huo huo?

4. Je, katika kijiji chetu yuko mtoto aliyefichwa ndani? Nani kati yetu atakwenda kuzungumza na wazazi wake kwa upole, na lini?