Kazi ya ualimu Japani: mambo ya kujua kabla hujauza ng'ombe

Msikilizaji, matangazo ya kazi za nje yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na huku Mtera yanatufikia kama kwingine. Mojawapo ni la kufundisha Kiingereza katika shule za msingi za Japani. Ukiona chini yake namba ya kutumia "ada ya usajili", simama kwanza. Kazi hiyo ipo kweli, ila njia ya kuipata ni nyingine.

Kwa nini wanahitaji walimu wa kigeni?

Tangu 2020, Kiingereza ni somo rasmi kwa darasa la 5 na la 6 nchini Japani, vipindi viwili kwa wiki. Darasa la 3 na la 4 hupata kipindi kimoja. Mwalimu wa shule ya msingi huko hufundisha karibu masomo yote ya darasa lake, na wengi hawakusomea Kiingereza. Ndiyo maana wanaletwa wasaidizi kutoka nje.

Mgeni anafanya kazi gani?

Ni mwalimu msaidizi. Mwenye darasa ni Mjapani. Mgeni hutamka maneno watoto wafuatishe, huongoza michezo na kuzungumza nao. Anaweza kupangiwa shule zaidi ya moja. Mchana mara nyingi hula darasani pamoja na watoto, ambao hupakua chakula wenyewe na pia husafisha darasa lao.

Hapa kwetu ni tofauti. Wajapani wa kujitolea wa JICA walianza kuja Tanzania mwaka 1967. Wanaofundisha hisabati na sayansi sekondari hubeba vipindi vyao kama mwalimu mwingine yeyote.

Nani anapokelewa?

Mpango unaojulikana zaidi ni JET, wa serikali ya Japani, ulioanza 1987. Kwa kawaida unataka shahada ya kwanza ya chuo kikuu, ya fani yoyote, na Kiingereza fasaha. Mkataba ni wa mwaka mmoja, na unaweza kuongezwa hadi kufikia miaka 5.

Maombi hupitia ubalozi wa Japani katika nchi ambayo mwombaji ni raia wake. JET haichukui watu kutoka kila nchi, kwa hiyo uliza kwanza kama nafasi zipo. Hakuna ada ya maombi, na anayechaguliwa hulipiwa nauli ya ndege.

Zipo pia kampuni binafsi zinazoajiri. Kwa hizo soma mkataba vizuri, kwani nauli na nyumba vinaweza kuwa juu yako.

Ufanye nini ukipata tangazo?

- Usitume pesa kwa namba ya mtu binafsi.
- Piga simu ubalozi wa Japani, Dar es Salaam, au uliza TaESA.
- Wakala binafsi akuoneshe leseni yake, kisha ihakiki kwa Kamishna wa Kazi.
- Ukiambiwa uondoke kwa viza ya utalii "utabadilisha hukohuko", kataa. Viza hiyo hairuhusu kufanya kazi.

Simu moja ya kuuliza haigharimu hata bei ya kuku. Piga kabla ng'ombe hajafika mnadani.